Beri Chotara ni Ndugu wa Mgomba

Mwaka juzi nililetewa na basi la kutoka Mombo pakiti ndogo ya mbegu niliyoilipia kwa simu, kwa muuzaji niliyemwona mtandaoni. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya stroberi za buluu kama wino, na chini yake maneno mawili: beri chotara. Nilijaza trei udongo laini uliochanganywa na mboji, nikanyunyiza punje zile ndogo nyeusi, nikafunika kwa nailoni, nikawa nazimwagilia kila asubuhi kwa kikombe. Wiki ya pili yakachomoza majani mawili mawili, mekundu kwa chini. Nikafurahi. Wiki ya saba nikaitambua ile mimea: mchicha pori, uleule ninaoung'oa kwenye mahindi.

Stroberi ya buluu haipo popote duniani, na hilo ningeweza kulijua kwa kuuliza. Lakini hata kama zile punje zingekuwa za stroberi za kweli, bado nisingepata kile kilichochorwa kwenye pakiti. Suala la beri chotara katika bustani ya nyumbani lina mambo mengi ndani yake: historia, baridi, udongo, magonjwa, sheria za mipakani. Kadiri nilivyolifuatilia, ndivyo mambo yote hayo yalivyonirudisha kwenye swali moja: mche wako umetoka kwa mama gani?

Kwa mkulima wa kwetu, neno chotara limeshikamana na mahindi. Kila msimu anakwenda duka la pembejeo kununua mfuko mpya, kwa sababu punje za mavuno yake akizirudisha shambani hazitampa zao kama la mwaka uliopita. Wazalishaji wa mbegu hutunza koo mbili za wazazi, kila ukoo ukizaliana wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa mpaka tabia yake itulie, kisha hukutanisha koo hizo mbili, na watoto hufanana kama mapacha. Hapo punje ndiyo bidhaa.

Beri zinakwenda njia nyingine kabisa. Wazazi wake wamebeba mchanganyiko mkubwa tangu mwanzo, hivyo kila punje ndani ya tunda ni mtoto mwenye sura na tabia yake. Ukipanda punje 100 za stroberi moja tamu utapata miche 100 isiyofanana, na mingi itakuwa duni kuliko mama yao. Mtaalamu anayezalisha aina mpya huotesha maelfu, huonja, hutupa, mpaka abaki na mmoja. Huyo mmoja ndiye hupewa jina, naye huongezwa kwa mwili wake mwenyewe: kikonyo, kipandikizi, ncha ya tawi. Zipo aina chache za stroberi zilizotengenezwa makusudi zipandwe kwa punje, na ile stroberi ndogo ya misitu ya Ulaya huota vizuri kwa mbegu, lakini hizo si ambazo watu wengi huzitamani wanaposema beri chotara.

Jambo hili si geni kwetu. Hakuna aendaye dukani kuuliza pakiti ya mbegu za mgomba. Mtu huenda kwa jirani aliyevuna mkungu mzuri, akaomba chipukizi. Na baadhi ya ndizi zetu nazo ni chotara, zao la mimea miwili ya pori ya Asia. Muhogo tunapanda kwa pingili, viazi vitamu kwa marando. Beri chotara ni ndugu wa mimea hiyo, na laiti ningelikumbuka hilo kabla ya kutuma pesa.

Stroberi yenyewe, ile kubwa nyekundu tunayoiona sokoni, ni chotara, ingawa wengi hawajui. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alimtuma mhandisi wa jeshi aitwaye Amédée-François Frézier kwenda Chile kuchunguza ngome za Wahispania. Huko Concepción alikuta stroberi ambazo wenyeji, Wamapuche, walikuwa wakizilima tangu zamani, matunda yake makubwa kupita chochote alichokijua kwao. Alichukua miche kadhaa kwenye jahazi. Safari ya kurudi ilichukua miezi, maji ya kunywa yalikuwa ya kupimiwa, na alipofika Marseille mwaka 1714 ilikuwa imebaki mitano tu. Miwili ikaenda kwa msimamizi wa shehena aliyemruhusu maji ya kuinyweshea.

Ile miche ikastawi, ikatoa maua, na haikuzaa. Frézier alikuwa amechagua mashina yenye matunda makubwa, na stroberi ya Chile huwa na mashina ya kike na ya kiume mbalimbali kama mpapai. Alibeba ya kike peke yake. Wakulima wa Brittany, karibu na Brest, ndio walioona baadaye kwamba stroberi ya Chile ikipandwa kando ya stroberi ya Virginia, iliyokuwa imeletwa Ulaya kutoka Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17, inazaa na matunda yanajaa. Nyuki walifanya kazi yao, na kutokana na punje za ndoa hiyo kukazuka miche ya namna mpya: ukubwa wa Chile, rangi na ladha ya Virginia. Mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne, kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20, aliandika kitabu kuhusu stroberi na kueleza kwamba mmea huu mpya ni mtoto wa hizo mbili. Jina la kisayansi la mmea huo lilitokana na harufu yake iliyowakumbusha watu nanasi: ananassa, neno lilelile lililotupa nanasi sisi.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu ndani yake mna somo ambalo mkulima wa nyumbani bado analihitaji. Stroberi za siku hizi zina viungo vyote viwili katika ua moja, hivyo shina moja linaweza kuzaa peke yake. Lakini kila kipunje unachokiona juu ya ngozi ya stroberi ni tunda kamili, na nyama tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba kuzunguka vipunje hivyo. Kipunje kisichopata chavua hakivimbishi nyama ya upande wake. Ukiona stroberi iliyopinda, upande mmoja umenona na mwingine umesinyaa, mara nyingi ni kwamba nyuki hawakupita vya kutosha. Mwaka ambao jirani yangu alipulizia nyanya zake dawa asubuhi, wakati wa maua, nusu ya stroberi zangu zilitoka na vichomozo kama tangawizi.

Kundi la pili la beri chotara ni la mimea yenye miiba inayotambaa: watoto wa rasiberi na blakiberi. Kwa asiyeziona, afikirie forosadi: tunda lililoundwa na vidonge vingi vidogo vyenye maji, kila kidonge na punje yake. Rasiberi ikiiva hung'oka na kuacha kitovu cheupe kwenye kikonyo, nayo hubaki na tundu ndani kama kofia. Blakiberi huchumwa pamoja na kitovu chake. Na hapo ndipo unapoweza kuwatambua watoto wao kwa vidole: loganiberi ni nyekundu kama rasiberi, lakini ukiichuma inakuja na kitovu, kama mama yake blakiberi.

Loganiberi ilizaliwa kwenye bustani ya nyumbani. Mwenye bustani alikuwa James Harvey Logan, jaji wa Santa Cruz, California. Alitaka kuboresha blakiberi, hivyo alipanda aina mbili za blakiberi pamoja, na karibu nazo palikuwa na rasiberi ya zamani iitwayo Red Antwerp. Mwaka 1881 alikusanya punje za blakiberi yake iitwayo Aughinbaugh, akaotesha miche kadhaa. Mmoja ulikuwa tofauti na yote. Chavua ilikuwa imetoka kwa rasiberi, bila jaji kupanga.

Ndoa ya namna hiyo kwa kawaida haizai. Rasiberi ina kromosomu 14, zile nyuzi zinazobeba urithi. Aughinbaugh ina 56. Kila mzazi humpa mtoto nusu, kwa hiyo tungetarajia 7 na 28, jumla 35, hesabu isiyogawanyika sawa, na mmea wake hushindwa kutoa matunda vizuri. Ila safari hiyo chavua ya rasiberi ilikuja na kromosomu zake zote 14 bila kugawanywa. 28 na 14 ni 42, nayo hugawanyika. Tukio la nadra lililotokea katika ua moja, na kila shina la loganiberi lililopo leo, California, Uingereza au kwingineko, ni kipande cha mche ule mmoja wa jaji.

Kutoka hapo ukoo uliongezeka. Mwaka 1905 huko Morgan City, Louisiana, bwana mmoja aitwaye B. M. Young aliunganisha ndugu wa loganiberi na blakiberi itambaayo ya kusini mwa Marekani, akapata yangiberi, ambayo baadaye ilipata makao mapya Afrika Kusini. Katika miaka ya 1920 Rudolph Boysen, naye wa California, alipata chotara mwenye tunda kubwa jeusi la zambarau, akahangaika nalo, kisha akaliacha. George Darrow wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alisikia habari zake, akaenda na mkulima Walter Knott kulitafuta kwenye shamba la zamani la Boysen. Walikuta mashina machache dhaifu yamemezwa na magugu. Knott aliyachukua, akayauguza shambani kwake Buena Park, na mwaka 1932 akaanza kuuza matunda kwa jina la boiseniberi. Laiti magugu yale yangepata msimu mmoja au miwili zaidi, tunda hilo lingepotea, kwa sababu punje zake zisingeweza kulirudisha.

Teiberi ni ya karibuni zaidi: ilitolewa mwaka 1979 na kituo cha utafiti cha Invergowrie, karibu na Dundee, Scotland, kwa kazi ya Derek Jennings, nayo ikapewa jina la mto Tay. Marioniberi ya Oregon ni ya 1956. Nje ya ukoo huu, jostaberi ya Ujerumani, mtoto wa karanti nyeusi na guzberi, ilitolewa mwaka 1977 baada ya wataalamu kulazimika kuzidisha kromosomu zake kwa dawa ili izae.

Kwa nini basi nyingi ya hizi hazionekani kwenye maduka makubwa? Kwa sababu ni laini mno. Teiberi ndefu ya sentimita nne, iliyoiva sawasawa, haifiki mbali bila kuvuja, na mashine haiwezi kuichuma. Loganiberi ikichumwa ikiwa nyekundu ya kung'aa ni chachu. Utamu wake unakuja inapokuwa nyekundu ya kuiva kupita, karibu zambarau, na hapo haivumilii hata kikapu kirefu. Soko huzichuma mapema au huzigandisha na kuzifanya jamu. Anayeweza kuila katika saa yake ni mwenye shina nyuma ya jiko. Ndiyo maana naamini, bila kusitasita, kwamba beri chotara ni mazao ya nyumbani kwanza na ya biashara baadaye, na anayeshauriwa kuanza na ekari nzima kwa mkopo anashauriwa vibaya.

Sasa tuje kwetu. Mwambao uachwe nje. Joto la Tanga au Mombasa huzuia stroberi kutoa maua, na maji yenye chumvi huunguza majani yake. Mwenye ua huko apande forosadi, ambayo hailalamiki. Msomaji wetu aliye Uingereza au Oregon naye hana tatizo, kwa kuwa yuko kwenye nchi ya teiberi na marioniberi zenyewe. Shina moja ukutani litamtosha. Swali gumu ni la nyanda zetu za juu: Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Njombe, Limuru, Kinangop, Kabale, Musanze.

Stroberi inafaa huko, na sababu yake moja ni jua letu. Aina za kawaida za stroberi hutoa maua siku zinapokuwa fupi na usiku wa baridi. Ulaya hali hiyo huja kwa msimu. Karibu na Ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, na kwa stroberi hiyo ni siku fupi, hivyo baridi ya mlimani ikiwepo, shina linaweza kuchanua na kuzaa karibu miezi yote. Chandler, aina ya siku fupi iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983, imewafaa wakulima wengi wa Kenya kwa sababu hiyo. Zipo pia aina zisizojali urefu wa mchana, zilizotokana na stroberi ya pori ambayo Royce Bringhurst aliichukua mwaka 1955 kwenye milima ya Wasatch, Utah. Za kwanza zilitolewa mwaka 1979. Nazo hufanya vizuri, lakini kwetu zinalipiwa sifa ambayo Ikweta inaitoa bure.

Chotara wa miiba ni habari nyingine. Macho ya mimea hii hulala kipupwe, na huamka kwa pamoja baada tu ya kukusanya saa nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Baridi yetu ya Julai hapa Lushoto hutuvalisha makoti, lakini kwa kawaida haifiki huko kwa muda wa kutosha. Shina lisilopata baridi yake huchipua kidogo hapa na kidogo pale, maua yanatawanyika, mavuno yanakuwa ya kubahatisha. Jostaberi nisingempendekezea mtu yeyote wa Afrika Mashariki, maana karanti nyeusi, mzazi wake, ni wa nchi za baridi kali. Nikichagua, ningeanza na boiseniberi au yangiberi: moja imelelewa kusini mwa California, nyingine imezaliwa Louisiana, sehemu ambazo baridi yake ni ya upole. Na ningezijaribu Njombe au Kinangop, ambako umande huganda baadhi ya asubuhi, kabla ya kuzileta kwenye mita 1,400 za Lushoto. Shina moja au mawili, kwa miaka mitatu. Hizi zote zinajichavusha, hivyo hata shina moja linatosha kukupa jibu.

Kuhusu namna ya kuzilea, nitasema zaidi juu ya stroberi kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo. Nina matuta matatu nyuma ya nyumba, yameinuliwa sentimita 20 ili maji ya masika yasituame. Udongo wa Usambara una chachu kidogo, nayo stroberi huipenda. Naweka samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Mche na mche ni sentimita 30. Sehemu inayowashinda wengi ni kina cha kupanda. Stroberi ina moyo, kifundo kifupi kati ya mizizi na majani, ambamo majani mapya hutokea. Ukiufukia, unaoza. Ukiuacha juu na mizizi ikaonekana, unakauka. Uso wa udongo unatakiwa ukate katikati ya moyo huo, na nikimaliza kupanda napita tena kwa kidole kuuangalia mmoja mmoja, kisha narudi baada ya mvua ya kwanza, maana tone huhamisha udongo.

Baada ya miezi michache mama hurusha kikonyo chembamba chekundu kinachotambaa juu ya matandazo. Fundo lake la kwanza hubaki tupu. La pili ndilo linalotoa majani, na ukiligeuza utaona chini yake vinundu vyeupe kama meno ya mtoto: mizizi inayosubiri udongo. Hapo naweka kopo la mtindi lenye mboji, nabana kikonyo kwa kipande cha waya kilichokunjwa, namwagilia. Wiki nne baadaye nakivuta kidogo. Kikigoma, kimeshika, na nakata kamba. Kikonyo kitaendelea mbele na kutoa mtoto wa pili na wa tatu, nami huchukua wa kwanza kwa kuwa ndiye mnene. Nina mashina sita tu niliyoyateua kuwa mama, na hayo nayakata maua yasizae. Yanayozaa nayakata vikonyo. Shina likiachiwa yote mawili linachoka, na mwaka wa tatu hata lililotunzwa hulegea, matunda yakawa kama vifungo. Ndiyo maana watoto wanahitajika kila mwaka.

Hapo ndipo ugonjwa unapoingilia. Mtoto wa kikonyo ni mwili wa mama, na virusi vilivyomo kwa mama vimo ndani yake. Vidukari huvihamisha toka shina hadi shina. Majani madogo kuliko ya wenzake, yaliyokunjamana, yenye kingo za njano: shina hilo usilichukulie mtoto hata kama mwaka jana lilikuwa bora. Ling'oe. Matuta mengi ya stroberi yanayosemwa kuwa yamekataa eneo fulani yalikufa kwa njia hii, watu wakigawana vikonyo vya mashina yaleyale yaliyougua mwaka hadi mwaka. Dawa yake ni kupata mama mpya safi, ikiwezekana miche ya tishu kutoka maabara, kama tulivyozoea kwa migomba. Na usipande palipokuwa na nyanya, viazi mviringo au bilinganya kwa miaka mitatu au minne. Ugonjwa wa mnyauko wa hizo hubaki ardhini na stroberi huupata. Ukungu wa kijivu wa miezi ya ukungu wa mlimani unapunguzwa kwa kumwagilia chini asubuhi, kutandaza majani makavu, na kuondoa kila tunda lililoanza kuoza siku hiyohiyo.

Chotara wa miiba huhitaji nguzo na waya, kama pasheni, na nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu kati ya shina na shina. Tawi lake huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza linakua, wa pili linazaa na kufa. Fundi hufunga matawi mapya upande mmoja wa waya na yanayozaa upande mwingine, ili akishavuna akate yaliyozaa bila kukosea. Katika nchi zenye baridi yake, shina la loganiberi hutoa kilo 7 hadi 8 kwa mwaka na hudumu miaka 15 hivi. Kuliongeza ni kazi ndogo: tawi jipya likifika chini, fukia ncha yake sentimita 10, nayo hutoa mizizi.

Hata kunakili kwenyewe kuna namna yake. Ipo loganiberi isiyo na miiba, iliyopatikana zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kutokuwa na miiba kumo kwenye tabaka la ngozi yake tu. Ukifukia ncha ya tawi, mtoto anakuwa laini kama mama. Ukikata mzizi ukauotesha, au jembe likiujeruhi ukachipua, linaota shina lenye miiba yote ya mababu. Mtu asiyejua angeapa kwamba ameuziwa mmea wa uongo.

Limebaki suala la kuipata hiyo miche. Wapo wanaoweka vipandikizi kwenye soksi ndani ya sanduku wakirudi kutoka safari. Naomba wasifanye hivyo. Tanzania, kuingiza mche kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya, kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Virusi na ukungu husafiri ndani ya kijiti kinachoonekana kizima. Tena jamaa za rasiberi na blakiberi zinajua kutoroka: rasiberi moja ya Asia, iliyopelekwa visiwa vya Galapagos kwa ajili ya matunda, ndege waliisambaza mpaka ikawa mojawapo ya magugu mabaya kuliko yote huko. Misitu ya Usambara na Kilimanjaro ina viumbe visivyopatikana kwingine. Anayeruhusiwa kuleta boiseniberi alete kwa njia ya wazi, apande mbali na msitu, na akate kila ncha inayogusa ardhi asiyoitaka.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, subiri vuli, na usinunue pakiti. Nenda kwa mwenye stroberi msimu zinapozaa, omba uonyeshwe shina lenyewe, uonje tunda lake, ugeuze majani uangalie chini yake kama kuna vidukari. Likikuridhisha, mwombe mtoto wa kwanza wa kikonyo, watano wanatosha. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mama, muage kwa heri. Mimi nilianza upya na miche mitano ya namna hiyo niliyopewa na mama mmoja wa Soni, na leo matuta yote matatu ni watoto wake.